Gurudumu la Mbele

Pancha ya kwanza Merveille hakuilalamikia. Alishuka, akaigeuza baiskeli miguu juu, akatoa tyubu ya akiba chini ya tandiko na kuibadilisha, huku aliokuwa amewaacha nyuma wakimpita mmoja mmoja na kumtupia maneno ya kumtia moyo, yale ambayo Waingereza huyasema wakiwa hawana nia yoyote ya kusimama. Akapanda, akaendelea na safari yake.

Pancha ya pili ndiyo iliyomkalisha chini. Safari hii haikuwa tyubu peke yake. Tairi la mbele lilichanika ubavuni, kidole kinapita. Tyubu nyingine hana, tairi jingine hana, na katika bustani kubwa ya Sutton, kando ya Birmingham, asubuhi ile ya Jumapili hakuna fundi aliyekaa njiani na pampu na beseni la maji kusubiri wateja. Alikaa kwenye majani, akakumbatia magoti, akawatazama wenzake wakizunguka.

Na magoti yenyewe yalikuwa yanauma. Mashindano haya ni ya kuogelea ziwani, kupanda baiskeli, halafu kukimbia, yote kwa mfululizo, na wanaoyapenda hulipa ili wateswe. Mwaka jana Merveille alishindwa majini. Watu wa boti walimvuta kwa kwapa kama gunia, mbele ya umati, na usiku ule alilia mpaka mto ukalowa. Mwaka huu aliapa atamaliza, hata awe wa mwisho, hata awakute wakikunja mahema. Akaanza kuamka kabla ya jua, aogelee kwenye bwawa la Erdington, kisha aende zamu kwenye nyumba ya wazee, akawanyanyue na kuwaogesha, halafu jioni akimbie. Akaacha andazi, akalirudia, akaliacha tena. Kucha mbili za miguu ziling'oka zikabaki ndani ya soksi.

Hata nyumbani walipata shida zao. Siku moja alitundika suti yake nyeusi ya mpira nyuma ya mlango wa bafu ikauke. Mama yake, Mama Rosalie, akaingia bila kuwasha taa, akakuta mtu hana kichwa amesimama ukutani anadondosha maji. Mama Rosalie alitoka Uvira, Kongo, miaka mingi iliyopita, hajaogopa mwanajeshi wala bahari, lakini siku ile alikemea kwa jina la Yesu mpaka jirani akagonga ukuta. Kuanzia hapo suti ikawa inakaushwa nje.

Basi mtu aliyelipa bei hiyo yote, umwambie ameshindwa kwa sababu ya kipande cha mpira! Merveille aliinamisha kichwa. Hakulia, maana machozi yalikuwa yamekwisha mwaka jana.

"We! Umeumia?"

Sauti aliijua kabla hajainua uso. Nitin alikuwa amefunga breki mbele yake, jasho linamchuruzika kidevuni. Yeye alikuwa na kasi kuliko Merveille, na kwa kuwa njia ni ya kuzunguka, alikuwa amemfikia kwa mara ya pili.

"Sijaumia. Tairi ndiyo imekufa."

"Hebu." Akashuka, akalibonyeza tairi, akatikisa kichwa. "Hii imeenda kabisa."

"Nimekuambia imekufa. Wewe endelea, usipoteze muda wako."

Nitin alimtazama. Huyu ni mwanaume ambaye kazi yake ni kupima watu macho kwenye duka la miwani kule Acocks Green, kutwa nzima anawatazama watu machoni, na bado alipomtazama Merveille ilikuwa kana kwamba anajifunza kazi upya. Walikutana bwawani. Merveille alimsikia mwanaume wa Kihindi akiingia majini na kupiga kelele, "Baridi, mama yangu!" kwa Kiswahili, akacheka akameza maji. Huo ndio uliokuwa mwanzo, na sasa walikuwa wanauingia mwaka wa pili wa mapenzi yasiyojua sebule ya mtu.

Nitin akaigeuza baiskeli yake mwenyewe. Akalegeza gurudumu la mbele, akalichomoa, akalichomoa na la Merveille, akalitia lake mahali pake. Mikono yake ilikwenda haraka kama ya mtu anayevisha mtoto viatu kabla basi la shule halijafika.

"Nitin, unafanya nini?"

"Panda uende."

"Na wewe?"

"Mimi nimemaliza haya mambo mara nyingi. Nenda bana, nenda!"

Hapo, tuseme ukweli, moyo wa Merveille uliruka. Alitaka kumbusu. Alitaka kumwambia kwamba hakuna mtu chini ya jua aliyewahi kumpa kitu cha namna hii. Badala yake alipanda, akakanyaga, na mzunguko mzima akaendesha huku anatabasamu peke yake. Aliona anapendwa, na magoti yakaacha kuuma.

Sasa, kuna sheria. Ilisomwa asubuhi kwa kipaza sauti, watu wote wakiwa wamesimama kando ya ziwa. Mshindani haruhusiwi kumpa mshindani mwenzake chombo chake ikiwa yeye aliyetoa hataweza tena kuendelea. Wakifanya hivyo, wanatolewa wote wawili, mtoaji na mpokeaji. Sheria hiyo iliposomwa, Nitin alikuwa kwenye foleni ya choo. Merveille alikuwepo, ila alikuwa amefumba macho anaomba.

Refa alimkuta kwenye mbio za miguu, baiskeli ameshaiacha, ameshaliona tao la kumalizia, ameshaisikia sauti ya mtangazaji. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, na alimwita mpenzi, kama wanawake wa Birmingham wanavyomwita kila mtu.

"Pole sana, mpenzi. Watu wamekuona ukibadilishiwa gurudumu. Lilikuwa la nani?"

Merveille hakujua kusema uongo akiwa anahema. Akasema. Refa akaandika namba yake, akamshika bega, akamwonyesha njia ya pembeni ya kutokea. Kutoka pale alipotolewa mpaka kwenye tao, mtu angeweza kurusha jiwe likafika.

Alimkuta Nitin kwenye uzio wa baiskeli, amekaa kwenye majani kando ya baiskeli yenye gurudumu moja, anakula ndizi. Alipomwona akatabasamu, akainuka kumpokea. Tabasamu halikufika mbali.

"Wametutoa," Merveille akasema.

"Nini?"

"Wametutoa! Wewe na miye. Iko sheria. Ukinipa gurudumu, tunakufa bote."

Nitin alishika kichwa. "Aisee. Sikujua. Merveille, walahi sikujua. Pole."

"Nani alikuomba?"

"Nilitaka umalize."

"Ah non! Miye njo nilitaka kumaliza. Wewe ulitaka kunipa. Haiko kitu kimoja. Ungeniuliza, ningekuambia acha, nitasukuma baiskeli kwa mguu mpaka mwisho. Lakini wewe hauniulizage. Unaleta zawadi, unaweka mbele ya batu, halafu unabakia mutu muzuri."

Kiswahili chake kilikuwa kile cha Uvira, na akikasirika kilizidi. Waliokuwa karibu, Waingereza wenye miguu ya matope, waligeuka kidogo, wakaona ni lugha wasiyoijua, wakaendelea na mambo yao. Ndiyo raha ya kugombana kwa Kiswahili katikati ya bustani ya Sutton. Mtu anajiona yuko chumbani kwake, mlango umefungwa. Wakapandisha sauti.

"Kwani nimefanya kosa gani kubwa hivyo?" Nitin naye akawaka. "Nimetoa mbio zangu! Nimetoa kwa ajili yako!"

"Gurudumu umetoa mbele ya dunia mzima. Jina langu je? Jina halina kilo hata moja, Nitin, lakini mwaka wa pili huu hujalifikisha kwa mama yako."

"Si rahisi. Unajua mama ana presha."

"Hiyo presha yake ni ya aina gani, haina dawa, haina daktari, inapanda tu nikitaka kutajwa?"

"Merveille..."

"Vile vyakula unaniletea kwenye kopo, mama yako anapika anajua ni vya nani?"

Nitin alitazama ndizi yake. "Anajua ni vya rafiki wa klabu."

"Rafiki mwanaume ao mwanamke?"

Nitin akavuta ganda la ndizi chini.

"Nitin. Nimekuuliza."

"Mwanaume."

"Iko na jina?"

"Achana na hayo."

"Jina!"

"Mervyn," Nitin akasema, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeungama.

Kuna matusi unayoweza kuyajibu, na kuna mengine unayatazama tu. Mwaka mzima Merveille amekula chapati za mwanamke yule, nyembamba, zenye majani ya uwatu, akizisifu, akituma shukrani, na shukrani zake zote zilipokelewa kwa niaba ya mwanaume asiyekuwepo.

"Kumbe Mervyn ndiye huyu."

Sauti hiyo haikuwa ya Nitin. Ilitoka upande wa pili wa uzio, na ilikuwa ya Kiswahili cha Kisumu kilichonyooka. Mama mfupi, sari ya rangi ya zambarau ndani ya koti la mvua, raba nyeupe miguuni, kopo la chakula limekumbatiwa kifuani na chupa ya chai imening'inia mkononi. Nitin aligeuka, ndizi ikamwanguka.

"Mummy! Unafanya nini huku? Si nilikwambia usije, ni mbali?"

"Ulinambia. Kila mwaka unanambia. Leo nikasema, mtoto wangu anaogelea na baridi hii, wacha nikamwone akimaliza hata mara moja kabla sijafa." Mama yake, Bi Jasumati, akaipima baiskeli yenye gurudumu moja kwa macho. "Naona nimechagua mwaka mzuri."

"Umesimama hapo tangu saa ngapi?"

"Tangu mlipoanza kugombania gurudumu. Nyinyi mnapiga kelele kwa Kiswahili kama hakuna mtu. Mimi nimezaliwa Kisumu. Nimeuza vitambaa dukani kwa baba yangu mpaka nikaolewa. Mnafikiri nilikuwa nawauzia watu kwa Kilatini?"

Merveille alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amevaa nguo ya kubana yenye jasho, nywele zimesimama, matope mpaka shingoni. Hivi sivyo alivyoota kukutana na mama wa mtu. Akapiga goti kidogo kama alivyolelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama akajibu bila kutabasamu, macho yakiwa kwa mwanawe. "Nangoja."

Nitin akaipangusa mikono kwenye nguo yake. Merveille alimjua mwanaume huyu. Alijua kwamba kwa mama yake husema mambo akiangalia sahani, na hapa sahani haikuwepo. Sekunde zikapita, mtangazaji akataja jina la mtu aliyemaliza, watu wakapiga makofi. Merveille akaanza kuhesabu moyoni kwamba hapa ndipo mwisho, atakwenda kituoni apande treni arudi Erdington, na hatauliza tena.

"Mummy, huyu ni Merveille," Nitin akasema. Alikuwa anamtazama mama yake machoni. "Hakuna Mervyn. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa. Nampenda. Nataka kumwoa, akinikubali baada ya leo."

Maneno aliyoyasubiri Merveille kwa muda mrefu yalikuja hivyo, kando ya ndizi iliyokanyagwa. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini haikuwa na pa kukaa.

"Mimi sijakubali," Bi Jasumati akasema. "Naanza na hilo lisije likapotea. Watu wa hekaluni nitawaambia nini? Shangazi zako? Na huyu bila shaka anakula samaki na kichwa chake, sisi tusiogusa nyama."

"Na macho, mama," Merveille akasema, kisha akajuta.

Bi Jasumati akageuka, akamtazama sawasawa kwa mara ya kwanza. Halikuwa jicho la hasira. Lilikuwa jicho la muuza vitambaa anayetafuta mahali uzi ulipokatika.

"Umemsema sana mwanangu. Sikukukataza, ulikuwa na haki. Sasa nikuulize mimi. Kwenu wanamjua?"

Merveille akashtuka. "Mama, sisi kwetu iko desturi. Binti hatangulizi jina la mwanaume. Ni yeye analeta wakubwa bake, banabisha hodi, banasema. Miye nikitangulia kusema, ni haya."

"Desturi naijua. Hata kwetu ipo. Nimekuuliza kama wanamjua."

"Bado."

"Baba yako yuko hai?"

"Ndiyo. Papa Cyriaque. Ni shemasi."

"Sasa hivi, shemasi anajua binti yake yuko wapi?"

Merveille akatazama raba nyeupe za mama wa watu. "Anajua niko kazi."

"Kazi gani?"

"Ya wazee."

"Haya." Bi Jasumati akalihamishia kopo kwapani. "Mwanangu amekuficha wewe nyuma ya mvulana. Na wewe umemficha mwanangu nyuma ya wagonjwa. Tena Jumapili. Sasa hapa nani wa kumfokea mwenzake?"

Ukweli una tabia mbaya, hauchagui upande. Merveille alikuwa ameibeba hasira yake tangu kwenye tao kama mtu mwenye haki zote, na sasa aliona aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio. Desturi ilikuwa nzuri kwake. Ilimwezesha kulala usingizi. Papa akimtaja Israël, yule kijana wa kinanda kanisani, mpole, mwenye suti, ambaye wazazi walishamwona mkwe, Merveille hujibu, "Tutaona, Papa." Hajawahi kusema hapana. Kila akisema tutaona, jioni yake hugombana na Nitin, akimwita mwoga.

Akafungua mkoba wake, akatoa simu.

"Si lazima iwe sasa," Nitin akasema haraka. "Merveille, watakuwa bado kanisani."

"Wewe nyamaza kwanza."

Papa Cyriaque ndiye msimamizi wa maegesho ya magari kanisani, kwa hiyo simu yake haizimwi hata wakati wa maombi. Iliita kidogo tu. Ngoma zikamjia Merveille sikioni kabla ya sauti ya baba yake, na juu ya ngoma kinanda, na juu ya kinanda akina mama wanaimba.

"Allô? Merveille?" Mzee alikuwa ananong'ona. "Kuko nini? Kuko mubaya huko kazi?"

"Papa, siko kazi. Nilikudanganya. Niko Sutton, kwenye mashindano. Na Papa, Israël sitaki. Ni mutu muzuri, lakini sitaki. Iko mutu mwenye ninapenda."

Ngoma zikaendelea.

"Nani?"

"Anaitwa Nitin. Ni Muhindi. Mama yake iko hapa mbele yangu, na yeye hajakubali."

Merveille aliminya macho. Akilini alimwona baba yake amesimama mlangoni mwa kanisa na koti lake la kung'aa la maegesho juu ya suti, mzee aliyewavusha wote mpaka huku, ambaye hakuwahi kumwinulia mkono.

"Sisikie," Papa Cyriaque akasema. "Banaimba. Sema tena."

"Nitin."

"Sema na nguvu, mwanangu."

"Nitin!" akapaza sauti. Mwanaume aliyekuwa anavua viatu kando yao akainua kichwa.

"Bado."

"NITIN, PAPA! NINAPENDA NITIN!"

Uzio mzima ukageuka. Refa mpole akageuka, watu wenye medali wakageuka, hata mtangazaji akasita na kipaza sauti mkononi. Bi Jasumati akajifunika uso kwa ncha ya sari, na haikujulikana kama alikuwa anaona haya au anacheka. Nitin alisimama wima, machozi yanamtiririka mbele ya watu wote na wala hakuyafuta.

Ndipo Merveille alipotambua kwamba upande wa pili hakukuwa na ngoma tena. Hakujua zilikoma lini. Alisikia upepo, gari likirudi nyuma, na baba yake akipumua huko nje ya kanisa.

"Nilisikia mara ya kwanza," Papa Cyriaque akasema. "Nilitaka kujua kama utarudilia."